Kuuingiza moto wa jukwaani kwenye albamu ya kwanza

Bendi ya roki inayosifika kwa kuchangamka jukwaani huwa na kazi ngumu inapoingia studio kwa mara ya kwanza. Inatakiwa imfanye mtu aliyekaa peke yake, sauti kaifungulia kiasi tu, ahisi kile wanachokihisi waliosongamana mbele ya spika huku jasho likiwatoka. Mimi ni mpiga dramu. Tuliporekodi albamu yetu ya kwanza tulikuwa tumeshafanya maonyesho kwa miaka kadhaa, nyimbo zetu tunazijua nje ndani, na sifa tuliyopewa kila tulikopita ni kwamba sisi ni bendi ya kutazama. Ni sifa nzuri na nilifurahi kila nilipoisikia. Lakini albamu haitazamwi. Mwimbaji akiruka kutoka juu ya spika, kwenye rekodi hakuna kilichotokea.

Tuliyopitia katika kazi ile nimewasimulia vijana wengi wenye bendi za namna yetu, gitaa mbili, besi, dramu na mtu wa kuimba kwa sauti ya juu, na naona afadhali sasa niyaandike kwa kirefu.

Nianze na sikio, maana hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Jukwaani bendi kama yetu hupita desibeli 100 bila shida. Kwa kiwango hicho besi na dramu kubwa ya kanyagio hazisikiki kwa masikio peke yake, zinagonga kifuani. Mtu yule yule akisikiliza wimbo ule ule akiwa kwake, sauti huwa kwenye desibeli 70 hivi, pengine chini ya hapo. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikishushwa, sikio la binadamu hupoteza usikivu wa sauti nzito upesi kuliko wa sauti za kati. Kwa hiyo ukipunguza sauti ya bendi ya roki, hupunguzi vyote kwa usawa. Besi inazama kwanza, teke la dramu kubwa linafuata, na wanaobaki mbele ni gitaa na mwimbaji. Sehemu kubwa ya kile tulichokiita nguvu yetu kilikuwa ni ukubwa wa sauti tu, na huo albamu haiwezi kumpelekea msikilizaji, kwa sababu kitufe cha sauti kiko mkononi mwake yeye.

Tulipolielewa hilo tulifanya jaribio ambalo nampendekezea mwanabendi yeyote. Wiki za mwisho kabla ya kurekodi tulifanya mazoezi amplifaya zikiwa zimezimwa. Tulikaa karibu karibu ili tusikiane. Wapiga gitaa na mpiga besi walipiga nyaya tupu, mimi nikapiga kwa viganja kwenye mapaja, mwimbaji akaimba kwa sauti ya mazungumzo. Nyimbo zikajitenga zenyewe. Kulikuwa na zile ambazo hata katika hali hiyo ulijikuta unatikisa kichwa, na zile ambazo jukwaani ziliwapagawisha watu lakini pale zikawa hazina lolote.

Wimbo mmoja tuliozoea kufungulia maonyesho ulikuwa na kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazorudiwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, hauna mahali pa kuvuta pumzi. Jukwaani ulifanya kazi kwa sababu ya mshtuko wa sauti ya kwanza baada ya ukimya. Ukiondoa mshtuko ule, wimbo haukuwa na pa kwenda. Tukaukalia upya. Tukaondoa gitaa zote kwenye beti, tukaacha besi na dramu peke yake zimbebe mwimbaji, kisha gitaa zote mbili zikaingia kwa pamoja kwenye kiitikio. Mshtuko sasa ukawa ndani ya wimbo wenyewe, na unakuja kila kiitikio kinapofika. Hata ukiusikiliza kwa sauti ya chini kabisa unauhisi, kwa kuwa sikio linapima kilichobadilika kuliko linavyopima ukubwa. Kazi hiyo yote ilifanyika kabla hatujalipia hata saa moja ya studio.

Sisi watu wa bendi tunapenda sana hadithi za albamu za kwanza zilizorekodiwa haraka, na hadithi zenyewe ni za kweli. The Beatles waliingia studio za EMI, Abbey Road jijini London, tarehe 11 Februari 1963 saa nne asubuhi, na hadi walipotoka karibu saa tano usiku walikuwa wamerekodi nyimbo 10 kati ya 14 za albamu yao ya kwanza. Black Sabbath walipiga ya kwao kwa siku moja, Oktoba 1969. Led Zeppelin walitumia takriban saa 36 za studio mwaka 1968. Ramones, mwaka 1976 mjini New York, walitumia kama wiki moja na dola 6,400 hivi, wakatoa nyimbo 14 ambazo zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. Albamu hizo ukizisikiliza leo bado zinawaka. Basi kijana anahitimisha kwamba siri ni haraka, anakodi studio kwa siku moja, anatoka na kitu kibichi.

Kinachosahaulika ni kilichotangulia. The Beatles walikuwa wameshapiga mamia ya usiku katika vilabu vya Hamburg na Liverpool, saa nyingi kila usiku. Led Zeppelin walikuwa wametoka kwenye ziara ya Skandinavia, wakapiga mbele ya watu nyimbo walizokuja kuzirekodi. Saa chache zilitosha kwa sababu mambo mengi yalishaamuliwa jukwaani, nani anaingia lini, nani ananyamaza wapi, wimbo unaishaje. Na pamoja na haraka hiyo, kulikuwa na uangalifu. Albamu ile ya The Beatles inaanza na Paul McCartney akihesabu moja, mbili, tatu, nne, kwa sauti inayokufanya uone bendi inaurukia wimbo mbele ya macho yako. Hesabu ile ilitoka kwenye teki ya tisa ya wimbo huo, ikakatwa na kuungwa kwenye teki ya kwanza. Teki ni kule kuupiga wimbo mara moja mwanzo hadi mwisho kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Yaani hata ule uhai unaosikika kama wa papo hapo, kuna mtu alikaa chini akauchagua. Nilipolijua jambo hili niliacha kuona aibu ya kuchagua.

Fundi mitambo wa studio tuliyokwenda alikuwa mtu mzima, mpole, na sote tulimwita Mzee. Siku ya kwanza tulifuata utaratibu ambao studio nyingi huufuata. Mpiga dramu anaingia peke yake, anasikia kwenye hedifoni kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, pamoja na gitaa la kumwongoza. Akimaliza nyimbo zake anaingia mpiga besi, kisha gitaa moja moja, mwisho mwimbaji. Utaratibu huu una faida zake. Kila chombo kinabaki safi, na aliyekosea anarudia sehemu yake bila kuwasumbua wenzake. Kuna aina za muziki unaozifaa kabisa. Tukarekodi wimbo mmoja hivyo, wote tukakaa kusikiliza. Mapigo yalikuwa yamenyooka, kila sauti mahali pake, na hakuna aliyetikisa hata kidole.

Mzee akaurudia mara nyingine, kisha akanigeukia.

"Kijana, mkiwa jukwaani huwa unamtazama nani?"

Nikamwambia namtazama mpiga besi, mkono wake wa kulia. Halafu kabla ya kiitikio natupa jicho kwa mwimbaji, kwa sababu akivuta ile pumzi kubwa mabega yake hupanda, nami hapo ndipo ninapojua niingie na nguvu kiasi gani.

"Na humu ndani ulikuwa unamtazama nani?"

Nilikuwa natazama ukuta.

"Basi tupange upya," akasema. Mchana wote ukaishia kwenye kuhamisha vitu.

Dramu zikawekwa katikati ya chumba. Mpiga besi akasimama hatua mbili kutoka kwangu, amplifaya yake ikageuziwa ukutani na kuzungushiwa magodoro. Amplifaya za gitaa zikatolewa hadi kwenye ujia, nyaya zikapita chini ya mlango, wapigaji wenyewe wakabaki chumbani nasi. Mwimbaji alisimama mbele yangu kabisa, uso kwa uso, akiwa na maiki ya kushika mkononi, aina ya Shure SM58, ile ile aliyoizoea kwenye maonyesho. Awali alikuwa amewekewa maiki nzuri zaidi ya studio, yenye kichujio cha pumzi mbele, akaambiwa asimame pale asisogee. Sauti ilikuwa safi sana, ila aliimba kama mtu anayefanyiwa usaili wa kazi. Alipoipata ile ya mkononi akaanza kutembea, akainama, akaufunga mkono kwenye waya, na sauti yake ikarudi.

Kurekodi kwa pamoja kuna gharama yake, na bendi inapaswa kuijua kabla haijakubali. Sauti zinavuja. Maiki za dramu zinamnasa mwimbaji, maiki ya mwimbaji inanasa matoazi. Mpiga gitaa akikosea, huwezi kumfuta na kumrudisha peke yake kirahisi, kwa kuwa amplifaya ikivuma hata ujiani, mlio wake umo kidogo ndani ya kila maiki. Kila mtu anakuwa amebeba teki ya wenzake. Niliona jinsi jambo hilo lilivyotubadilisha. Hakuna aliyepiga kwa kujihami, bali kila mmoja alikuwa macho kuliko nilivyopata kumwona kwenye mazoezi. Ile hali ya kwamba tukianguka tunaanguka wote ndiyo hali ya jukwaani, na ilikuwa imekosekana siku ya kwanza.

Kuvuja kwenyewe kunaweza kusaidia au kuharibu, inategemea mahali zilipowekwa maiki. Hapa ndipo nilipomwona Mzee akifanya kazi ambayo sijaisahau. Alichukua uzi, akaushika katikati ya ngozi ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali iliyo mbele ya mpigaji, akaunyoosha hadi kwenye maiki iliyokuwa juu ya kichwa changu. Akauwekea fundo pale ulipoishia. Kisha, bila kuondoa kidole kwenye sneya, akauzungusha uzi ule hadi kwenye maiki ya pili iliyokuwa upande wa kulia wa dramu ya chini, ile inayosimama sakafuni pembeni ya mpigaji, akaisogeza maiki ile taratibu mpaka ikaligusa fundo. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ya ziada ni kama milisekunde 3 za kuchelewa. Pigo moja la sneya likifika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, mawimbi yake yanapochanganywa yanakulana, na pigo linakonda. Yakifika pamoja yanaongezana. Utaratibu huo wa maiki chache zilizopimwa umbali kutoka kwenye sneya hunasibishwa na Glyn Johns, fundi aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, na ndiyo maana zile dramu za John Bonham, mpigaji wao, zinasikika kama chombo kimoja kikubwa ndani ya chumba. Tuliposikiliza baada ya uzi, sneya yangu ilikuwa imenenepa, na hakuna kitufe hata kimoja kilichokuwa kimeguswa.

Kwangu mimi binafsi, kitu kilichonitoa jasho ni matoazi. Jukwaani nayapiga kwa nguvu zote, kwani yanang'aa na watu wanapenda kuyaona yakiyumba. Chumbani yanamwagikia kila maiki, yanafunika nusu ya gitaa na kumfanya mwimbaji asikike kama yuko nyuma ya mvua. Dawa yake ni kuzipiga ngoma kwa nguvu na matoazi kwa upole, kwa mikono hiyo hiyo, ndani ya pigo hilo hilo. Ni rahisi kusema. Mwili uliozoea kupandisha mkono wote kwa pamoja haukubali upesi. Nilikuwa nimeanza zoezi hili mapema, nyumbani, nikipiga haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa ncha ya fimbo na sneya kwa bega zima, polepole, na hata hivyo nilitoka studio kila siku bega la kushoto likiniuma. Mpiga dramu yeyote anayejiandaa kurekodi roki kwa mtindo wa pamoja na alianze zoezi hili miezi kadhaa kabla.

Wapiga gitaa nao walikuwa na mtihani wao. Ule mkwaruzo wa gitaa la roki hutokana na kuisukuma amplifaya kupita uwezo wake, na ukisukuma sana unabana sauti, pigo la mwanzo la waya linafifia, kila noti inakuwa na urefu na uzito mmoja. Katika ukumbi wenye kelele hilo halisumbui. Kwenye rekodi linageuka kuwa ukuta bapa. Mzee aliwaomba wapunguze mkwaruzo karibu theluthi moja na wakaze mkono zaidi. Mmoja wao alipinga kwa dhati, akaona anavuliwa silaha yake. Aliyemshawishi ni Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, kwa namna fulani, kwani tulikumbushana kwamba albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, yenye gitaa zinazosikika kubwa kama jengo, sehemu kubwa yake ilipigwa kwa gitaa la Telecaster na amplifaya ndogo ya Supro. Akajaribu amplifaya ndogo ya mazoezi iliyokuwepo pale, akaifungulia sauti karibu mwisho ila mkwaruzo wenyewe ukiwa mdogo. Ikasikika pana kuliko ile kubwa yake. Kila kidole kilisikika kikigusa waya. Toka siku hiyo hakuigusa tena ile kubwa mpaka tulipomaliza.

Suala la mwendo lilituchukua mjadala mrefu. Tulikuwa na rekodi za simu za maonyesho yetu, nikazipima. Karibu kila wimbo ulikwenda kasi zaidi jukwaani kuliko kwenye mazoezi, na ndani ya wimbo wenyewe viitikio vilipanda mapigo mawili matatu kisha beti zikatulia. Sasa je, turekodi kwa mwendo upi? Wapo wanaoamini kasi ndiyo uchangamfu. Tulichokigundua ni kwamba kila wimbo una mahali ambapo ukiongeza kasi kidogo tu, unapoteza kitu. Kwetu kulikuwa na wimbo tuliozoea kuupiga kwenye mapigo 180 kwa dakika. Kwa mwendo huo mwimbaji alikuwa akimeza silabi za mwisho, na nyaya za besi hazikupata muda wa kuvuma kati ya pigo na pigo. Tuliushusha hadi 170 na ukawa mkali zaidi, kwa kuwa maneno yalianza kuuma na besi ikapata nafasi ya kusukuma.

Kuhusu kliki, tuliafikiana kuitumia kwa kuanzia tu. Nilisikia mapigo manane masikioni, nikahesabu kwa sauti, kisha Mzee akaizima na bendi ikajiendea. Kwa hiyo viitikio vyetu kwenye albamu vinapanda kidogo, kama jukwaani. Nimewasikia wanamuziki ninaowaheshimu wakisema huo ni uzembe. Mimi siafiki. Kupanda kidogo kiitikio kinapoingia, bendi nzima kwa pamoja, ni msikilizaji anavutwa mkono. Kinachoharibu ni kupanda bila kurudi, au mmoja kupanda na wengine kubaki.

Sauti ya mwimbaji ina akiba, na akiba huisha. Siku ile ya Februari 1963 John Lennon wa The Beatles alikuwa na mafua, na wimbo wa kupayuka kuliko zote, "Twist and Shout", waliuacha makusudi uwe wa mwisho, kwani walijua ukipigwa mapema hakutakuwa na sauti ya kuimbia nyingine. Teki ya kwanza ndiyo iliyotumika. Walijaribu ya pili, koo likawa limekwisha. Sisi tulipanga kila siku kwa kanuni hiyo, nyimbo za kuimba asubuhi, nyimbo za kupiga kelele jioni, na ule mkali kupita yote ukawekwa mwisho wa siku ya mwisho. Mwimbaji wetu alikuwa na hofu na mpango huo, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu hakuna marudio. Alipomaliza kuuimba alikaa sakafuni, akaonyesha kwa mkono kwamba hawezi kusema. Ule mpasuko wa sauti yake kwenye kiitikio cha mwisho hauwezi kuigizwa na mtu ambaye koo lake bado lina kesho.

Kuchagua teki tulikufanya kwa kusimama. Mzee alikigeuza kioo cha kompyuta ukutani, maana macho yakiona michoro ya mawimbi yanaanza kutafuta makosa, na masikio yanaacha kazi. Tukasikiliza kwenye spika moja ndogo, sauti ya chini, kila mtu akiandika kwenye karatasi yake bila kuzungumza. Mara nyingi tulikubaliana. Wimbo wa tatu kwenye albamu una mahali ambapo waya wa gitaa unalia pasipotakiwa, katikati ya ubeti wa pili. Teki nyingine ilikuwa safi. Tuliichukua yenye mlio ule, kwa sababu mara tu baada yake mpiga besi anaongeza noti moja ambayo hakuwahi kuipiga kabla, nami naisikia na kuijibu kwa dramu ya chini, na mwimbaji anacheka kidogo ndani ya neno. Watu watatu wanasikilizana ndani ya sekunde mbili. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kumwonyesha mtu akiniuliza moto wa bendi unakaa wapi kwenye rekodi, ni pale.

Kwenye kuchanganya sauti sitakaa sana, kwa kuwa nyimbo zilizopigwa vizuri chumbani hazikuhitaji mengi. Niseme tu kuhusu ukubwa wa sauti wa mwisho, kwani bado naona bendi changa zikiumia hapo. Kuna tamaa ya kuibana albamu yote, yaani kupandisha sehemu ndogo zikaribie zile kubwa, ili isikike kubwa kuliko za wengine. Siku hizi haina hata faida. Huduma za kusikilizia mtandaoni husawazisha nyimbo zenyewe, Spotify kwa kawaida kwenye kiwango cha -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kwa hiyo wimbo uliobanwa sana unashushwa tu, na unachobaki nacho ni ubapa wake. Tulikuwa tumehangaika kutengeneza tofauti kati ya ubeti wa besi peke yake na kiitikio cha gitaa mbili. Kuibana albamu kungekuwa kuisawazisha tofauti hiyo hiyo. Tulimwomba aliyefanya masta, yaani matayarisho ya mwisho ya sauti kabla albamu haijatolewa, aache beti ziwe ndogo. Aliuliza mara mbili kama tuna hakika.

Jambo lisilo la muziki, lakini lina uzito: kabla ya kutoa albamu tulikaa tukaandika kwenye karatasi nani katunga nini na kwa sehemu gani, wimbo mmoja mmoja, kila mtu akasaini. Haki ya utunzi ni kitu kimoja na haki ya rekodi ni kitu kingine, na pesa zake hupitia njia tofauti. Ni rahisi kuliandika wakati wote bado ni marafiki na hakuna pesa mezani.

Mwisho kabisa ulikuwa mpangilio. Tulikusudia kutoa santuri pia, na upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unabeba dakika 22 hivi kwa ubora mzuri. Kadiri sindano inavyosogea katikati, sauti kali za juu zinapungua ubora, kwa hiyo nyimbo zenye matoazi mengi zinapendelea mwanzo wa upande na zile tulivu zinakaa mwishoni. Sheria hiyo ya kifundi ilitusaidia kuliko tulivyotarajia. Ilitulazimisha kuwa na mianzo miwili na miisho miwili, na kuufungua upande wa pili kwa nguvu kama tulivyoufungua wa kwanza. Nafasi kati ya wimbo na wimbo nazo tulizisikiliza moja moja. Kati ya wa kwanza na wa pili hakuna pumzi kabisa, matoazi ya mmoja yanakatwa na sneya ya mwingine, jinsi tunavyofanya jukwaani.

Nyimbo mbili zilibaki nje. Zote mbili watu walizipenda kwenye maonyesho, na mpiga gitaa aliyetunga moja yake hakufurahi. Lakini tulipozisikiliza zikiwa ndani ya mpangilio, albamu ilichoka mahali pale, ikapata nguvu tena baadaye. Bila hizo ilikwenda dakika 34 bila kulegea. Tuliziacha kwenye diski ya studio, na jukwaani tunazipiga hadi leo. Ile ya mpiga gitaa imeshabadilika kiitikio, imepunguza ubeti mmoja, na sasa ina sehemu katikati ambapo dramu zinanyamaza kabisa. Tunairekodi kwenye albamu ya pili.